Kulipima Ziwa kwa "Wingu"



Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofurika, maji yaliingia katika uwanja wa mjomba wangu hapa Rumonge, pale alipokuwa akianika ndagala. Yalipotulia aliniita, akasema, "Mpwa wangu, wewe umesoma. Je, nijenge tena pale pale, au nihame?" Swali hilo ndilo lililonifundisha haya niwaandikiayo.

Yafaa kwanza kulieleza jina. "Wingu" hili silo la mvua. Ni kompyuta nyingi mno zilizowekwa katika majumba ya mbali, nasi twazitumia kwa njia ya intaneti. Wakamuaji wa mawese watafahamu upesi. Desturi yao ni kuchukua mikungu ya chikichi mpaka kinuni. Katika wingu, chikichi zote zimekwisha kulundikwa kinuni. Wewe wapeleka agizo tu, nawe waletewa chupa moja ya mafuta.

Chikichi zenyewe ni picha za setilaiti. Setilaiti za Landsat, za Marekani, zapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Kompyuta ya shule haiwezi kuzimeza. Mtambo wa Google Earth Engine, uliotangazwa 2010, umezihifadhi. Kwa mtambo huo watafiti wa Umoja wa Ulaya walichora maji ya dunia nzima kutoka picha milioni 3 za miaka 1984 hadi 2015.

Maji hutambulikanaje? Humeza karibu yote ile nuru ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na majani huirudisha kwa wingi. Basi twaa nuru ya kijani, toa infraredi, ugawanye kwa jumla ya zote mbili. Mathalani kijani 8, infraredi 2: ni 6 kwa 10, yaani 0.6. Hayo ni maji. Shamba la michikichi, kijani 10, infraredi 30, hutoa 0.5 chini ya sufuri. Ni nchi kavu. Wingu hurudia hesabu hiyo kwa kila kipande cha picha, kisha hupaka maji rangi ya buluu.

Nalijaribu. Picha nyingi za masika zilikuwa nyeupe tupu, maana mawingu ya kweli yalikuwa yamefunika Rumonge! Ikanibidi kutumia picha za rada za Sentinel-1, zipenyazo mawingu. Tena kipande kimoja cha Landsat ni mita 30 kwa 30. Uwanja mzima wa mjomba ulikuwa vipande viwili.

Ramani yangu ilionyesha nchi kavu tangu 1984, isipokuwa miaka hii ya karibuni. Nikamwambia mjomba ajenge. Mzee jirani akacheka. "Nilipokuwa mtoto, 1964, tulifunga mitumbwi kwenye mwembe ule," akasema, akionyesha mti ulio juu zaidi ya uwanja.

Naliona haya. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha ziwa hata likafikia kilele 1964, miaka 8 kabla ya Landsat ya kwanza. Wingu halikuwa na picha ya siku zile. Nayo sheria ya maji ya Burundi ya 2012 hukataza kujenga ndani ya mita 150 za ziwa. Mimi nalikuwa nimepima kutoka ukingo wa kiangazi.

Nikautia mwembe ule katika ramani kwa alama nyekundu, nikapima upya kutoka hapo. Mjomba amevihamishia vichanja vyake ng'ambo ya barabara ya Nyanza-Lac. Hulalamika kwamba kubeba ndagala mpaka huko kwamchosha mgongo.