Somo la Tisa: Ngeli za Mahali (PA-, KU-, MU-)

Malengo ya somo

Baada ya somo hili, mwalimu mtarajiwa aweze: (a) kutofautisha maana za PA-, KU- na MU-, (b) kupatanisha nomino za mahali na maneno mengine katika sentensi, (c) kueleza na kurekebisha makosa yanayotokana na lugha ya kwanza ya mwanafunzi.

9.1 Utangulizi

Ngeli za mahali ni miongoni mwa mada ambazo wanafunzi huzijua kwa kukariri na kuzikosea kwa kusema. Wengi wetu tunaweza kuandika ubaoni hapa, huku, humu bila kusita. Lakini tukiulizwa mtoto yuko wapi, jibu letu huanza kwa neno lile lile: “Yuko.” Kifungu kifuatacho kinaonyesha gharama ya mazoea hayo. Kisome mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kisa, mara ya pili ukipigia mstari kila neno linaloonyesha mahali.

9.2 Kifungu: Jioni Mahemani

Jumamosi moja ya likizo, familia ya Ssalongo ilitoka Kampala asubuhi ikashika barabara ya Entebbe. Mwendo si mrefu, kilomita 40 hivi, nao wakafika kambini kabla jua halijawa kali. Mahema sita meupe yalikuwa yamepangwa mchangani, hatua chache kutoka ukingo wa Ziwa Victoria.

Haya hayakuwa mahema ya skauti. Ndani mlikuwa na sakafu ya mbao, kitanda kikubwa, vitanda vidogo vya watoto, vyandarua na taa ya umeme. Nyuma palikuwa na bafu. “Humu mna raha kuliko kwetu,” alisema Nyanya, akibonyeza godoro kwa kiganja.

Mapacha, Wasswa na Kato, wenye umri wa miaka mitano, walicheza mchangani kutwa nzima. Mama yao aliwakataza kuingia ziwani, maana maji yaliyotulia karibu na majani huweza kuwa na konokono waenezao kichocho. Tena, hata mbali na kichocho, ziwa lina kina.

Jioni, Ssalongo akiwa penye moto akichoma sato, Nnalongo aliwatazama wanawe. Wasswa alikuwapo. Kato hakuwapo.

“Kaka, Kato yuko wapi?” alimwuliza mlinzi.

“Yuko mahemani, Nnalongo,” mlinzi akajibu bila wasiwasi.

Nnalongo akayazunguka mahema yote sita, akiita. Kule alikotazama hakukuwa na mtu. Pale walipochezea watoto palikuwa na ndoo tu, nayo maji yalikwisha kuifikia. Akakimbilia ziwani, viatu miguuni. Ssalongo akaacha samaki motoni, akamfuata.

Nyanya peke yake hakukimbia. Alimgeukia mlinzi akamwuliza, “Mwanangu, yuko mahemani, au yumo hemani?”

“Yumo, nyanya. Nilimwona akiingia katika hema lenu.”

Nyanya akafunua pazia la mlango. Mle ndani, nyuma ya kitanda kikubwa, Kato alikuwa amelala fofofo, amejifunika taulo. Hakuna aliyemkemea. Nnalongo aliketi mlangoni pa hema, viatu vyake vikichuruzika maji, akalia.

9.3 Uchambuzi

Mlinzi hakusema uongo. Kato alikuwa mahemani kweli. Kosa lake ni kutumia kiambishi kinachosema machache kuliko alivyojua. Tazama tofauti ya ngeli hizi tatu:

PA- huonyesha mahali mahususi, panapojulikana au panapoweza kuonyeshwa kwa kidole: “pale walipochezea palikuwa na ndoo”; “mlangoni pa hema”.

KU- huonyesha mahali pasipo dhahiri, eneo pana au mwelekeo: “kule alikotazama hakukuwa na mtu”.

MU- huonyesha undani: “humu mna raha”, “mle ndani”.

Upatanisho wake ni kama ufuatao:

PA-: hapa, hapo, pale; hemani petu; pana; yupo.
KU-: huku, huko, kule, hemani kwetu, kuna, yuko.
MU-: humu, humo, mle, hemani mwetu, mna, yumo.

Sasa rejea swali la Nnalongo: “Kato yuko wapi?” Hapa -ko ni sahihi kabisa, kwa sababu anayeuliza hajui mahali penyewe. Anayejibu, kinyume chake, anajua. Mlinzi alikuwa amemwona mtoto akiingia, jibu lililolingana na ujuzi wake lilikuwa “Yumo hemani mwenu.” Badala yake alinakili kiambishi cha swali akakirudisha katika jibu. Hiyo ndiyo tabia ya kuichunguza katika madarasa yetu: mwanafunzi hachagui kiambishi cha mahali, bali hurudisha kile alichokisikia katika swali.

9.4 Msaada na mtego wa lugha ya kwanza

Mwanafunzi anayezungumza Luganda, Kinyarwanda au Kirundi haingii katika mada hii mikono mitupu. Luganda ina viambishi vya mahali wa-, ku-, mu- na e-; Kinyarwanda na Kirundi zina mu, ku na i miongoni mwa vialama vyake vya mahali. Dhana ya undani katika mu ni ile ile ya Kiswahili. Mwalimu aanzie hapo. Hata hivyo, ipo mitego minne.

Kwanza, nafasi ya kialama. Mganda husema mu nnyumba, Mnyarwanda na Mrundi husema mu nzu. Ndiyo maana tunasikia “mu nyumba”, umbo ambalo pia ni la kawaida katika Kiswahili kinachozungumzwa mashariki mwa Kongo. Umbo hili halitokani na uzembe. Ni mpangilio wa Kibantu unaotanguliza kialama. Kiswahili sanifu hukiweka mwishoni: nyumbani. Au hutumia maneno katika, kwenye na ndani ya.

Pili, maana ya ku. Katika lugha hizo tatu, ku huweza kuonyesha kitu kilicho juu ya kingine: ku mmeeza kwa Luganda, ku meza kwa Kinyarwanda na Kirundi. KU- ya Kiswahili haina maana hiyo. Kitabu kinachoonekana juu ya meza hustahili PA-: “Mezani pana kitabu.”

Tatu, kurudufu kialama. Umbo “katika hemani” lina vialama viwili vinavyofanya kazi moja. Sema “hemani” au “katika hema”. Nomino ikiwa na kivumishi cha sifa, tumia katika: “katika hema kubwa”, si “hemani kubwa”.

Nne, upatanisho. Nomino ikishapokea -ni huacha ngeli yake ya awali. Tunasema “hema letu”, lakini “hemani mwetu”, si “hemani letu”. Nomino za watu na majina ya pekee ya mahali hayapokei -ni: twende “kwa Nyanya”, twende “Entebbe”. Lakini jina la mahali, ijapokuwa halina -ni, hutawala upatanisho wa mahali: “Entebbe kunapendeza.” Neno lenyewe lina asili ya Luganda, lenye maana ya kiti, likiwa jina la mji, halifuati tena upatanisho wa kiti.

9.5 Tanbihi kwa mwalimu

Katika mazungumzo ya kila siku, hata miongoni mwa wazawa wa lugha, -ko hutumika mara nyingi mahali pa -po na -mo, na mawasiliano huendelea. Kwa hiyo usilichukulie kila “yuko” kuwa kosa la kukatwa alama. Mwanafunzi anapotumia -ko kwa kila jambo, fanya kama Nyanya: mwulize, “Yuko, yupo au yumo?” Swali hilo humlazimisha afikirie mahali penyewe, naye hujisahihisha. Kumbuka pia kwamba yupo huweza kumaanisha “hakukosekana”, kama katika “Wasswa alikuwapo”. Eleza maana hiyo kando, isije ikamchanganya.

9.6 Muhtasari

PA- ni ya mahali mahususi, KU- ni ya mahali pasipo dhahiri, MU- ni ya undani. Anayeuliza kwa kutojua hutumia -ko. Anayejibu kwa kujua achague kiambishi kinacholingana na anachokijua.

9.7 Mazoezi

1. Orodhesha maneno yote ya kifungu yenye kiambishi -ni cha mahali. Je, neno “mlinzi” limo katika orodha yako? Eleza kwa nini limo au halimo.

2. Jaza nafasi kwa kionyeshi kifaacho:
(a) Nimefungua sanduku. ______ mna viatu tu.
(b) Weka ndoo ______ mlangoni, ninapokuonyesha kwa kidole.
(c) Wavuvi wameelekea ______ visiwani. Sijui ni kisiwa gani.

3. Sahihisha sentensi hizi, kisha utaje mtego uliosababisha kila kosa:
(a) Watoto wamelala mu hema kubwa.
(b) Katika kambini kuna taa.
(c) Hemani letu lina joto.
(d) Tulikwenda nyanyani Jumapili.

4. Nnalongo alisikia nini katika jibu la mlinzi, na mlinzi alikusudia nini? Jibu kwa aya moja ukitumia -po, -ko na -mo, kila kimoja walau mara moja.

5. Kazi ya wawili wawili. Mmoja afiche kalamu darasani, mwenzake aulize “Iko wapi?” Anayejibu hana ruhusa ya kutumia -ko. Baada ya raundi tano, jadilianeni: ni wapi mlishindwa kuchagua kati ya -po na -mo, na kwa nini?