Uhandisi wa Umeme: Mdogo Wako Achague Chuo Gani?



Kila matokeo ya sekondari yanapotoka, wadogo zetu hutupigia simu: "Kaka, nataka kusoma umeme. Niende wapi?" Anayeombwa ushauri amepewa amana, basi tusiwatajie tu chuo chetu wenyewe.

Tuchukue kijana wa Gihundwe, Rusizi. Amekulia karibu na mto unaozalisha umeme. Kituo cha Rusizi I kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rusizi II, cha mwaka 1989, hutumiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo. Vituo kama hivi vinahitaji mhandisi wa kupiga hesabu za mitambo na gridi, na vilevile fundi wa kuifunga, kuipima na kuitengeneza. Mwulize mambo manne.

1. Anataka kazi ipi? Akipenda hisabati na usanifu, kuna digrii katika Koleji ya Sayansi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Rwanda, Nyarugenge, Kigali, iliyokuwa KIST kabla ya 2013. Akipenda zaidi kazi ya mikono, kuna vyuo vya Rwanda Polytechnic. Kimoja kiko Karongi, kwetu Magharibi, wilaya yenye mtambo wa KivuWatt unaogeuza gesi ya Ziwa Kivu kuwa umeme, megawati 26. Diploma si aibu. Fundi hodari hutafutwa, naye aweza kuendelea hadi digrii.

2. Maabara ikoje? Asiulize tangazo, aulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ni wangapi hugawana meza moja ya majaribio? Wamewahi kufungua mota au kupima transfoma kwa mikono yao? Nafasi za mafunzo kazini hupatikana wapi? Umeme hausomwi ubaoni peke yake.

3. Kozi inatambuliwa? Athibitishe kwa Baraza la Elimu ya Juu (HEC) kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, si jina la chuo tu. Anayekwenda nje ya nchi aulize kabla ya safari kama cheti chake kitakubaliwa akirudi.

4. Fedha zitatoka wapi? Ahesabu ada, chumba, chakula na nauli kwa miaka yote, si muhula wa kwanza tu. Akifikiria mkopo wa masomo unaopitia BRD, ausome mkataba wote, na suala la riba amwulize mwanachuoni kabla ya kutia saini, si baada.

Akishapata majibu, akae na wazazi na walimu wake kwa shura, kisha aswali rakaa mbili za istikhara. Istikhara haichukui nafasi ya kuuliza. Humkabidhi Mwenyezi Mungu jambo ambalo mja amekwisha kulifanyia juhudi.

Wabillahi tawfiq.