HISTORIA: JENERALI ALIYEBEBESHWA MAKOSA YA WENGINE



Tukisoma vita ya 1939-1945, Poloni inatajwa siku ya kwanza tu, kiisha inapotea. Leo tusome juu ya mtu mmoja wa inchi hiyo.

Stanisław Sosabowski alizaliwa mwaka 1892. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli. Alipokufa, kijana akaacha masomo ya juu kule Kraków juu ya kukosa feza. (Wengine kati yetu wanajua jambo hilo.)

Katika Septemba 1939 aliongoza rejimenti moja iliyolinda Warszawa. Mji ukaanguka, akashikwa, akatoroka, akafika Ufaransa, halafu Uingereza. Huko akaunda brigadi ya askari wa parashuti. Yeye mwenyewe aliruka kutoka ndege, naye alikuwa karibu na miaka 50!

Kusudi lao lilikuwa moja: kurudi kuokoa Warszawa. Tarehe 1 Agosti 1944 watu wa mji ule wakainuka juu ya Wajerumani. Mtoto wake alikuwa kati yao, akapofuka macho. Lakini Waingereza walisema ni mbali mno, na brigadi ikatumwa Uholanzi.

Sosabowski alikuwa amekwisha kuwaambia wakubwa kwamba katika mipango yao Wajerumani wamesahauliwa. Hawakupenda maneno yake, maana hakujua kusema kwa kuzunguka. Askari wake wakarushwa kule Driel tarehe 21 Septemba, siku mbili nyuma ya mpango, sababu ya ukungu. Ngambo ya mto Rhine Waingereza walikuwa wamezungukwa, na daraja la Arnhem limepotea. Kivuko hakuna, mitumbwi ya kutosha hakuna. Hata hivi, usiku wa pili na wa tatu Wapoloni karibu 200 walivuka chini ya risasi.

Vita ile ikashindwa. Nani atachukua kosa? Jenerali Browning aliandika barua ya kumshitaki Sosabowski, na katika Desemba 1944 akaondolewa kwa brigadi yake.

Kwao kulikuwa sasa utawala wa Wakomunisti, basi akabaki Uingereza. Alifanya kazi ya mikono katika kiwanda kule London miaka mingi. Wenzake walimwita Stan tu. Alikufa mwaka 1967. Mwaka 2006 ndipo Uholanzi ilimpa medali ya Simba wa Shaba. Jina lake likasomwa mbele ya watu, mwenyewe hayuko.

Swali: Tafuteni Arnhem na Warszawa kwenye ramani. Kama mungekuwa askari wa brigadi ile, mungejibu nini kwa amri ya kwenda Uholanzi?