'Power': Neno Moja, Maana Nyingi

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiandika kwa Kiingereza kwamba mtu fulani alisukuma mkokoteni kwa 'power' ya nyutoni 500, hapati alama, ingawa hesabu yake yote yaweza kuwa sahihi. Kosa lake si la hesabu, ni la neno. Katika Kiswahili alichokulia, asukumaye mkokoteni hutumia nguvu, betri ikichoka huwa imekwisha nguvu, na injini ya lori ina nguvu kuliko ya pikipiki. Afikapo sekondari anakuta Kiingereza kimeigawa nguvu hiyo moja katika 'force', 'energy' na 'power', na mara nyingi kamusi ndogo aliyo nayo humpa jibu lilelile kwa yote matatu.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. 'Power' liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Shina lake ni kitenzi cha Kilatini 'posse', yaani kuweza. Kwa hiyo ni ndugu wa 'possible' na 'potential'. Kiini cha neno hili, basi, si misuli bali uwezo: uwezo wa kunena, uwezo wa kutawala, uwezo wa kutenda. Kiingereza kilikuwa tayari na neno lake la asili, 'might', ambalo halikufa, ila limejitenga likabaki zaidi katika lugha ya dini na ya fasihi.

Majirani wa 'power' wanafanana, lakini hawabadilishani viti ovyo. Kamba ngumu ina 'strength', kwa maana inastahimili kuvutwa. Haina 'power', kwa kuwa haitendi lolote. Chai nzito nayo ni 'strong', kamwe si 'powerful'. Tusemapo umoja ni nguvu, Mwingereza husema 'strength'. Tusemapo mlango ulifunguliwa kwa nguvu, husema 'force'. Na nguvukazi yetu huiita 'manpower' au 'labour force'. Hapana kanuni moja ya kukariri hapa. Anayetaka kuyajua maneno haya hana budi kuyasoma yakiwa ndani ya sentensi.

Katika mambo ya utawala Kiswahili ndicho chenye utajiri. Jambazi mwenye bunduki ana 'power' juu ya abiria wa basi, lakini hana 'authority'. Hakimu anayo 'authority' hata kama mkononi hana fimbo. Kiingereza huweza kulitumia neno 'power' kwa wote wawili. Kiswahili kina mamlaka, madaraka, enzi na dola, na kila moja lina mahali pake. Mwalimu anayelalamika kwamba Kiswahili ni lugha maskini angefaa kuanzia hapo.

Katika fizikia mambo hubadilika, maana huko visawe havikubaliki. Tuchukue mfano wa kisima. Ndoo ya maji yenye uzito wa kilo 20 inavutwa kutoka kina cha mita 10. Kani inayohitajika kuipandisha polepole ni nyutoni 200 hivi. Kazi inayofanyika ni kani mara umbali, yaani jouli 2,000, na kiasi hichohicho cha nishati ndicho kinachotumika kuipandisha ndoo. Sasa Asha anaivuta kwa sekunde 20, na nduguye mdogo kwa sekunde 40. Kani ni ileile. Nishati ni ileile. Kilichotofautiana ni kasi ya kuifanya kazi: Asha ametoa wati 100, nduguye wati 50. Kasi hiyo ndiyo 'power' ya wanafizikia. James Watt, ambaye jina lake limepewa kipimo hicho, aliwauzia watu injini za mvuke katika miaka ya 1780 kwa kuzilinganisha na farasi wa vinu. Nguvu-farasi moja ya Kiingereza ni takriban wati 746.

Mwanafunzi anayeyachanganya haya asione haya kupita kiasi. Thomas Young alilitumia neno 'energy' kwa maana iliyo karibu na ya leo katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1807, lakini miaka 40 baadaye, mwaka 1847, Hermann von Helmholtz aliandika makala yake mashuhuri juu ya kuhifadhiwa kwa kile alichokiita 'Kraft', neno la Kijerumani lenye maana ya kani. Alichokuwa akikieleza ni nishati. Lugha za Ulaya nazo zilihitaji muda kuyatenganisha maneno haya, na yalitenganishwa na watu walioamua kufanya hivyo, hayakujitenga yenyewe.

Kwetu sisi kazi hiyo imefika nusu. Kani imekubalika kwa 'force'. Kwa 'energy' Tanzania husema nishati, na Kenya kawi. Lakini kwa 'power' wengine huandika nguvu, wengine uwezo, na msomaji huachwa akisie. Tukikumbuka 'posse' ya Kilatini, uwezo lina haki kubwa zaidi, tena huliacha neno nguvu lipumzike katika lugha ya kila siku.

Hata Waingereza hawajiponyi. Kampuni wanayoiita ya 'power' haiuzi 'power'; mita ya nyumbani huhesabu nishati. Yuniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja, sawa na jouli milioni 3.6. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limeundiwa mitambo ya megawati 2,115: huo ni uwezo. Likifanya kazi kwa uwezo huo wote kwa saa moja, hutoa yuniti 2,115,000: hiyo ni nishati.

Imebaki hisabati, ambako 'power' ni kipeo, kama katika mbili kipeo cha tatu, ambayo ni nane. Matumizi haya yana ukoo mrefu: Wagiriki wa kale, Diofanto miongoni mwao, walikiita kipeo cha pili 'dynamis', neno lililomaanisha pia uwezo. Na katika elimu ya mwanga, 'power' ya lenzi ni moja kugawanywa kwa urefu wa fokasi katika mita. Lenzi ya nusu mita ina dayopta mbili.

Zoezi. Pampu inapandisha kilo 600 za maji hadi tangi lililo juu mita 10, kwa dakika moja. Tafuta kani, nishati na uwezo (chukua nyutoni 10 kwa kila kilo). Kisha andika jibu kwa Kiingereza, katika sentensi tatu, bila kulitumia neno 'power' zaidi ya mara moja.