Udongo Ulioingiwa na Sumu: Je, Unaweza Kusafishika?



Katika familia nyingi za wakulima, dawa ya wadudu ni kitu cha kawaida kama jembe. Twanyunyizia pamba, kahawa, nyanya na kabichi. Tumekwisha kusikia mara nyingi hatari ya kuivuta puani au kuishika kwa mikono mitupu. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia ile inayobaki ardhini: pale tunapochanganyia, tunapooshea bomba, au palipokuwa na stoo ya dawa zamani. Je, udongo wa namna hiyo unaweza kusafishika?

Wafanyakazi wasioonekana

Kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kina mamilioni ya bakteria, pamoja na kuvu wengi. Hao ndio wanaoozesha majani na samadi. Baadhi yao huweza pia kuivunjavunja dawa ya wadudu na kuitumia kama chakula, mpaka inakuwa vitu visivyodhuru kama maji na hewa ukaa. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuvu mmoja anayeozesha miti, aitwaye Phanerochaete chrysosporium, huweza kuvunja hata DDT. Kuwasaidia viumbe hawa wafanye kazi yao ndiko wataalamu wanakoita usafishaji wa kibayolojia. Wanahitaji chakula (samadi au mboji), unyevu, joto la kadiri na muda.

Dawa hazilingani

Malathioni, ikiwa katika udongo wenye unyevu na uhai, huvunjika kwa siku au wiki chache. DDT ni ngumu zaidi: nusu yake tu huweza kuchukua miaka 2 hadi 15 kuondoka. Tena, mahali penye hewa DDT hugeuka kuwa DDE, ambayo nayo ni sumu na hudumu sana. Ndiyo maana wataalamu huweza kuuloanisha udongo pamoja na samadi na kuufunika ukose hewa kwa muda, kisha kuugeuza upate hewa, na kurudia hivyo mara kadhaa. Kila hatua ina bakteria wake.

Mrututu unaotumika katika kahawa ni jambo jingine kabisa. Ndani yake mna shaba, na shaba ni madini. Hakuna kijidudu kinachoweza kuimaliza. Hubaki ardhini na kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Tujifunze kutoka Vikuge

Mwaka 1986 tani 170 za viuatilifu, vingine vikiwa vimekwisha muda wake, vililetwa kama msaada kutoka Ugiriki katika shamba la serikali la Vikuge, Mkoa wa Pwani. Viliwekwa katika banda, na baada ya miaka michache banda likaanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba katika udongo wa juu wa mahali hapo, kilo moja iliweza kuwa na DDT na masalia yake hadi kiasi cha gramu 282. Huo si udongo wenye sumu tena, bali ni sumu yenye udongo! Bakteria wenyewe hawawezi kuimaliza sumu nyingi kiasi hicho. Udongo wa aina hiyo huhesabiwa kuwa taka ya hatari, na wa kuushughulikia ni wataalamu wenye vifaa.

Basi somo ni hili: viumbe vya udongo husafisha kilichomwagika kidogo, hawawezi kufidia uzembe mkubwa.

Sumu hutufikiaje?

DDT na jamaa zake haziyeyuki vizuri katika maji, lakini hupenda mafuta. Kuku anayeparua udongo huo huzihifadhi katika mayai, na ng'ombe katika maziwa. Mtoto anayecheza chini hupeleka mkono mdomoni. Mama naye huweza kuzipitisha katika maziwa yake. Hata hivyo, akina mama wasiache kunyonyesha kwa hofu hii. Faida ya maziwa ya mama ni kubwa kuliko hatari hiyo. Tuondoe sumu, si titi.

Familia ifanye nini?

1. Zuieni sumu mpya. Suuzeni chupa ya dawa mara tatu, mkimimina maji hayo katika bomba na kuyanyunyizia shambani. Msioshee bomba karibu na kisima au mto.

2. Msilime chakula palipokuwa na stoo ya dawa, hasa maboga. Mboga hii huvuta DDT na masalia yake kutoka ardhini kuliko mimea mingi mingine. Mmea unaweza kustawi vizuri huku umebeba sumu.

3. Zungushieni uzio ili watoto, kuku na mbuzi wasifike. Acheni nyasi ziote zishike udongo, lakini msilishe mifugo. Chimbeni mtaro upande wa juu, maji ya mvua yasipite hapo.

4. Kama ni sehemu ndogo ya kuoshea bomba, na dawa inajulikana, mwombeni bwana shamba ushauri juu ya kuchanganya samadi iliyooza, kuweka unyevu na kugeuza udongo. Vaeni buti na glavu. Udongo huo usihamishiwe kwenye bustani, wala msipande mboga hapo kabla haujapimwa. Macho na pua havitoshi kuupima.

5. Mkikuta unga wa zamani au madebe yanayovuja, msifagie, msizike, msichome moto. Mwarifuni afisa kilimo au afisa afya. Tanzania ipo pia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye makao yake Arusha.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Bomba letu huoshewa wapi, na maji yake huelekea wapi?
- Je, wazee wanakumbuka mahali palipokuwa na stoo ya dawa kijijini? Leo pamelimwa nini?
- Ni nani atakayekwenda kumwona bwana shamba wiki hii?