Tafsida na Usalama wa Msichana: Lugha ya Ushauri wa Hedhi kwa Vijana

Utangulizi

Tangu jadi, Waswahili wameisitiri hedhi kwa maneno. Msichana aliyepata damu ya kwanza husemwa kuwa amevunja ungo. Inapomjia kila mwezi, husemwa kuwa yuko mwezini au yumo katika siku zake. Hizi ni tafsida, na tafsida ni pambo la adabu. Hata hivyo, ushauri wa afya una madai yake: anayeshauriwa sharti ajue afanye nini, kwa kitu gani, na kwa muda gani. Makala haya yanachunguza mpaka uliopo kati ya stara na usalama katika ushauri wa hedhi kwa vijana. Hoja kuu ni kwamba tafsida inafaa kulitaja tukio, lakini haifai kutolea maelekezo.

Lugha ya Hadhara na Lugha ya Faragha

Katika jamii za Pwani, mwari alikabidhiwa somo au kungwi. Mbele ya watu, jambo lake lilitajwa kwa mafumbo. Faraghani, somo alimfunza waziwazi namna ya kujihifadhi na kujisafisha. Neno sodo lenyewe ni ushahidi: ni jina la wazi la kitambaa cha hedhi, wala halikungoja pedi za viwandani ili lizaliwe. Ni dhahiri, basi, kuwa Kiswahili kilikuwa na rejista mbili, ya hadhara na ya faragha, na kila moja ilikuwa na kazi yake.

Leo, nafasi ya somo aghalabu imechukuliwa na mwalimu wa darasa, kijitabu au kipindi cha redio. Vyombo hivi ni vya hadhara, na kwa hivyo huelekea kutumia lugha ya hadhara kufanya kazi ya faragha. Hapo ndipo ushauri unapopungua nguvu. Wahenga walisema kuwa mficha uchi hazai. Nasaha inayofichwa nayo haizai matunda.

Maelekezo Yasiyoelekeza

Tuchukue mfano wa sentensi kama hii: "Msichana azingatie usafi anapokuwa katika siku zake." Kisarufi haina dosari. Kimaana, haitaji chombo, tendo wala muda. Msichana wa miaka kumi na mitatu akiisoma mara kumi hatajua la kufanya. Ilinganishwe na hii: "Badilisha sodo kila baada ya muda wa saa nne hadi sita, au mapema zaidi ikilowa, nawa mikono kabla na baada ya kuibadilisha." Sentensi ya pili haina matusi wala utovu wa adabu. Tofauti ni kuwa inaelekeza.

Aidha, hesabu ya wakati katika Kiswahili huhitaji uangalifu wa pekee. Neno saa hutaja muda na pia hutaja nukta ya siku. Tamponi haifai kukaa mwilini kwa zaidi ya muda wa saa nane. Mshauri akiandika "iondolewe kabla ya saa nane", msomaji ana haki ya kuelewa saa nane mchana. Aliyeivaa saa tatu usiku ataikawiza kupita kiasi, ilhali alipaswa kuiondoa kufikia saa kumi na moja alfajiri. Mfano wa aina hiyo, wenye saa ya kuvaa na saa ya kutoa, huondoa utata wote.

Utata huo si jambo dogo. Tamponi inapokaa muda mrefu, bakteria aina ya stafilokokasi wanaweza kutoa sumu inayoingia katika damu. Ugonjwa huo ni nadra, lakini unaweza kuua. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutapika au kuhara, kizunguzungu, na vipele mfano wa ngozi iliyounguzwa na jua. Anayeziona aitoe tamponi na kukimbilia hospitali mara moja. Kikombe cha hedhi nacho, ingawa huweza kukaa hadi muda wa saa kumi na mbili, sharti kioshwe kila kinapomwagwa na kuchemshwa kila hedhi inapokwisha.

Neno "Uchafu" na Madhara Yake

Isitoshe, baadhi ya watu huiita damu ya hedhi uchafu. Jina hili huzaa vitendo viwili vya hatari. Kwanza, msichana anayejiona mchafu hujiosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa za kuulia viini. Uke hujisafisha wenyewe. Kuuosha kwa ndani huvuruga bakteria wanaoulinda na kukaribisha maambukizi. Maji safi, kwa sehemu za nje tu, yanatosha. Pili, anayeona haya huanika sodo za kitambaa chini ya godoro au chini ya nguo nyingine. Kitambaa hicho hubaki na unyevu, na unyevu hulea viini. Sodo ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni na maji safi, isuuzwe vizuri, kisha ianikwe juani hadi ikauke kabisa.

Dhana ya kuwa hedhi ni mateso ya kuvumiliwa tu ina hatari pia. Maumivu yanayomzuia msichana kwenda shuleni, damu inayozidi siku saba, au inayolowesha sodo moja kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ni sababu ya kumwona daktari.

Neno Kama Sehemu ya Bidhaa

Mwaka wa 1980, kampuni ya Procter & Gamble iliondoa tamponi za Rely katika soko la Marekani baada ya kuhusishwa na ugonjwa uliotajwa hapo juu. Mwaka wa 1982, serikali ya nchi hiyo iliamuru pakiti za tamponi ziandikwe onyo kuhusu ugonjwa huo. Funzo kwa mwanaisimu ni wazi: maandishi ni sehemu ya usalama wa bidhaa.

Nchini Kenya, serikali iliondoa ushuru wa thamani kwa sodo mwaka wa 2004, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2017 yaliipa serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Sheria ilishughulikia sodo. Maelezo ya kuitumia yanahitaji watu wa lugha.

Hitimisho

Makala haya hayadai kuwa tafsida itupwe. Mwalimu ana uhuru wa kuanza na "siku zako" ili kumtuliza mwanafunzi, mradi afuatishe sodo, uke, damu na muda bila kumung'unya. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafsiri au kuandika kijitabu cha afya ana kipimo rahisi: ampe msichana asome, kisha amwombe aeleze kwa maneno yake atafanya nini na saa ngapi. Akishindwa, la kurekebishwa ni sentensi.