Bendera Zilizopita Lushoto

Wasomaji wetu wa milimani na mabondeni, leo twapenda kuwaeleza habari ya kitu kionekanacho kila siku na kuulizwa mara chache, yaani bendera. Walimu wengi huwafundisha watoto rangi za bendera. Wachache huwaeleza jinsi ilivyofika juu ya mlingoti, na ni ipi iliyoshushwa ili yenyewe ipate nafasi. Tumechagua Lushoto na milima ya Usambara, kwa kuwa huko bendera zilibadilika mara nyingi katika muda usiozidi umri wa mzee mmoja.

Yafaa kwanza ijulikane ya kuwa Washambaa walikuwa na fahari ya nchi yao kabla ya kitambaa chochote kutwekwa. Habari za Mbega, mwindaji aliyetoka Ungulu akapewa utawala, zajulikana na kila mtoto wa huko. Tena Abdallah bin Hemedi aliziandika katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Mfalme wa ukoo huo aliitwa Simba Mwene, na makao yake yalikuwa Vugha. Siku za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, nguvu yake ilifika hata pwani. Burton, msafiri wa Kiingereza, alipofika Vugha mwaka 1857 alikadiria watu 3,000 katika mji huo, na wageni hawakuruhusiwa kulala ndani yake.

Basi, alama ya nchi ile ilikuwa nini? Ilikuwa mji wenyewe juu ya kilima chake, na mvua. Mfalme mwenye nguvu alihesabiwa kuwa ameiponya nchi, nao husema kwa Kishambaa kuzifya shi. Na wakuu waliposhindana wao kwa wao, njaa ikaingia, watu walisema nchi imeharibiwa. Sisi twaona jambo hili lapita rangi zote kwa maana, kwa sababu mtu hakuhitaji kuelezwa: alitazama ghala lake akajua.

Bendera iliyojulikana upande wa pwani ilikuwa nyekundu, ya Sultani wa Unguja. Wapwani waliizoea katika forodha na majahazi, na biashara ya milimani ilishuka hadi Pangani chini yake. Kwa hiyo mambo ya Pangani ya mwaka 1888 hayakuwa habari ya mbali kwa Wasambara. Mwezi Agosti mwaka ule Kampuni ya Kidachi ilipokea utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani. Mkubwa wa Kampuni huko Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni itwekwe, akaiondoa ya Sultani kwa msaada wa askari wa manowari. Watu walikuwa na mashaka mengi mengine, ya kodi na ya biashara, lakini aibu ya bendera kila mtu aliiona kwa macho yake. Vita vikawaka pwani nzima. Abushiri, aliyeviongoza, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Hapo ndipo rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu za Wadachi zilipopanda milimani. Boma lao la kwanza lilikuwa Mazinde, chini katika nyika. Baadaye wakahamia penye baridi, Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaizari wao. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mmoja wa wakubwa wa Kikilindi. Ni vigumu mtu kuipenda bendera iliyoanza hivyo.

Kuna jambo moja la ajabu kidogo. Mwaka 1914 waziri wa makoloni wa Kidachi, Wilhelm Solf, aliagiza kila koloni litengenezewe ngao na bendera yake, na kwa Afrika ya Mashariki ilichorwa picha ya kichwa cha simba. Hatudhani waliochora huko Berlin walimfikiria Simba Mwene! Vita Kuu vikatokea mwaka ule ule, na bendera ile haikutwekwa kamwe.

Waingereza waliingia Wilhelmstal mwezi Juni 1916, na jina la Lushoto likarudi. Alama waliyoipa Tanganyika ilikuwa kichwa cha twiga ndani ya duara. Mwaka 1926 wakamrudishia utawala Kinyashi wa ukoo wa Kikilindi, hata palikuwa tena na mfalme Vugha, ingawa amri ya mwisho ilitoka bomani. Serikali hiyo iliogopa udongo kumomonyoka katika miteremko, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini baada ya vita vya pili ililazimisha watu kulima matuta kwa sheria na faini. Watu walikataa, wakisema kazi ni kubwa na shamba laweza kunyang'anywa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Hapo yaonekana tena lile neno la kuiponya nchi: dawa ilikuwa na faida yake, bali mgonjwa hakuulizwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Kiingereza ilishushwa, ikapanda ya Tanganyika: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na mistari ya manjano. Alexander Nyirenda aliitweka juu ya kilele cha Kilimanjaro. Utawala wa machifu ulikoma kisheria mwanzo wa mwaka 1963, na enzi ya Wakilindi ikaishia hapo. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 bendera ilibadilishwa, ikaongezwa rangi ya samawati ya maji: kijani ni ardhi, nyeusi ni watu, manjano ni madini. Ndiyo itwekwayo hata sasa katika halmashauri zote mbili za wilaya, Lushoto na Bumbuli.

Mwalimu atakaye kufundisha somo hili na awaambie watoto wachore bendera hizo kwa mfuatano, na chini ya kila moja waandike mwaka wake. Mahali pa kwanza, kabla ya zote, wachore Vugha, na wingu la mvua juu yake.